Lebo Inayong'aa na Lakiri ya Chupa: Zinatuambia Nini Juu ya Usalama wa Dawa?

Mama anapoingia katika duka la dawa kumnunulia mtoto dawa ya kikohozi, mara nyingi huonyeshwa chupa mbili au tatu. Moja ina karatasi ya kawaida iliyobandikwa kwa gundi. Nyingine imevikwa vazi la plastiki kuanzia shingoni hadi kwenye kitako, lenye michoro ya rangi ya dhahabu na fedha inayometameta. Bei zinakaribiana. Mkono wa mama utakwenda wapi? Wengi wetu tungechukua ile inayong'aa. Tunaona kwamba imetengenezwa kwa uangalifu, basi tunaamini kwamba hata dawa iliyomo ndani ni bora kuliko nyingine.

Je, imani hiyo ni ya kweli? Mwezi huu tutaeleza vazi hilo la plastiki ni kitu gani, linatengenezwaje, na kwa nini chupa nyingi za dawa zina lakiri shingoni. Halafu tutaona mambo ambayo lebo inaweza kutuambia kweli, na mambo ambayo haiwezi kutuambia hata ikiwaka kama jua. Kuyatenganisha mambo hayo mawili kunaweza kuokoa maisha ya mtu nyumbani mwako.

VAZI HILO HUTENGENEZWAJE?

Wapiga ngoma wanajua jambo moja kuhusu ngozi. Ngozi mbichi huvutwa na kuwambwa juu ya mzinga. Ikikauka, hujikaza. Na ngoma ikilegea kwa unyevu wa usiku, huota moto kidogo, nayo hukaza tena na kulia vizuri.

Plastiki ya lebo hizi hufanya kazi kwa njia inayofanana na hiyo. Kiwandani plastiki hupashwa joto, kisha huvutwa kwa nguvu upande wa upana, halafu hupozwa haraka ikiwa bado imevutwa. Ikipoa hutulia katika hali hiyo. Lakini ndani yake mvuto umebaki umefungwa, kama mpira uliovutwa na kuzuiwa. Siku ikipata joto tena, mvuto ule hufunguka na plastiki hurudi kuelekea udogo wake wa kwanza. Aina nyingine zinaweza kusinyaa hata kupita nusu ya upana wake.

Baada ya kuvutwa, plastiki hupigwa chapa: jina la bidhaa, picha na maelezo. Kwa kawaida chapa hupigwa upande wa ndani, ili wino ukingwe na plastiki yenyewe usikwaruzwe na mikono. Kisha kingo mbili huunganishwa kuwa mrija mrefu, na mrija hukatwa vipande. Kila kipande huvishwa chupa kama soksi iliyolegea. Chupa zikishavaa hupitishwa kwenye kijia chenye mvuke au hewa ya moto. Kwa muda wa sekunde chache tu soksi ile husinyaa, ikakumbatia kila kona ya chupa, mabega na kiuno. Ndiyo maana huoni gundi wala mkunjo.

Plastiki zinazotumika ni za aina kadhaa. Zinazojulikana zaidi ni PVC, PETG na aina ya polistairini iliyovutwa. Tutairudia PVC mbele, kwa sababu ina jambo lake linalohusu jikoni kwetu.

DHAHABU NA FEDHA HIZO NI NINI?

Rangi ile ya fedha si fedha. Karibu kila mara ni alumini, metali ileile ya sufuria zetu. Na rangi ya dhahabu kwa kawaida ni alumini hiyohiyo iliyopakwa juu yake rangi ya manjano inayopitisha nuru.

Ziko njia tatu za kuiweka. Ya kwanza ni wino uliochanganywa na chembe nyembamba za alumini. Ukikauka, chembe hulala kama magamba ya samaki na kurudisha nuru. Ya pili ni kuhamisha tabaka jembamba la alumini kutoka kwenye ukanda maalumu na kulibandika mahali panapotakiwa, kwa gundi au kwa joto na shinikizo. Ya tatu ni kuyeyusha alumini ndani ya chumba kilichoondolewa hewa mpaka ifuke kama mvuke, na mvuke huo utue juu ya plastiki. Tabaka linalopatikana kwa njia hii ni jembamba mara elfu moja na zaidi kuliko unywele wa binadamu.

Hapo mafundi hukutana na shida. Plastiki inasinyaa, lakini metali haisinyai. Chukua kitambaa kilichopakwa chokaa ikakauka, kisha kikunje, chokaa itapasuka. Vivyo hivyo tabaka la alumini likiwekwa mahali ambapo plastiki itasinyaa sana, hukunjamana, hupasuka na kupoteza mng'ao. Kwa hiyo wachoraji huweka mapambo hayo mahali ambapo chupa ni nene na lebo inasinyaa kidogo, au hutumia wino wa chembe ambazo zinaweza kusogeleana bila kupasuka.

Huenda unajiuliza kama alumini hiyo inaweza kuingia katika dawa au kinywaji. Lebo iko nje ya chupa, na chombo chenyewe kinaitenga na kilichomo ndani. Mapambo hayo hayana madhara kwa mtumiaji. Hatari iko kwingine kabisa: katika kuyaamini kupita kiasi.

LAKIRI YA SHINGONI ILIPATAJE KUWA SHERIA?

Vazi kubwa la chupa lina ndugu yake mdogo. Huyo ni kile kipande kifupi cha plastiki kinachokumbatia kifuniko na shingo kwa pamoja, ambacho wengi hukiita sili. Kinatengenezwa kwa namna ileile, na huwezi kufungua kifuniko bila kukichana. Mara nyingi kina mstari wa vitobo vidogo ili kichanike kwa urahisi. Vazi refu nalo linaweza kupandishwa hadi juu ya kifuniko, likawa lebo na lakiri kwa wakati mmoja.

Zamani dawa nyingi zinazouzwa bila cheti cha daktari hazikuwa na lakiri kama hizo. Mtu aliweza kufungua chupa dukani, akaifunga, na asijulikane. Mambo yalibadilika mwaka 1982 nchini Marekani.

Mwishoni mwa Septemba mwaka huo, katika mji wa Chicago na vitongoji vyake, watu 7 walikufa kwa muda wa siku chache. Wa kwanza alikuwa msichana wa miaka 12 aliyepewa dawa kwa sababu ya mafua. Katika familia nyingine mwanamume mmoja alikufa. Jamaa walipokutana nyumbani kwa msiba, mdogo wake pamoja na mke wa mdogo wake waliumwa kichwa, wakameza dawa kutoka katika chupa ileile. Wote wawili wakafa.

Dawa hiyo ilikuwa Tylenol, ambayo kiini chake ni parasetamoli, dawa ya maumivu ambayo sote tunaijua. Ilikuwa katika kapsuli, yaani vile vidonge vyenye ganda la vipande viwili na unga ndani. Uchunguzi ulionyesha kwamba kosa halikutokea kiwandani. Mtu alichukua chupa, akafungua kapsuli, akatia sumu kali ya sianidi, akazirudisha chupa madukani. Hadi leo hakuna aliyepatikana na hatia ya mauaji hayo.

Kampuni ya Johnson & Johnson, ambayo Tylenol ilikuwa dawa yake, iliziondoa sokoni chupa zipatazo milioni 31, zenye thamani ya zaidi ya dola milioni 100. Dawa iliporudi madukani ilikuwa na vizuizi vitatu: boksi lililofungwa kwa gundi, lakiri ya plastiki iliyosinyazwa shingoni, na utando wa foili uliobandikwa mdomoni mwa chupa. Mwezi Novemba 1982 serikali ya Marekani ikatoa kanuni kwamba dawa za kununuliwa bila cheti zifungwe kwa namna ambayo haziwezi kuguswa bila kuacha alama. Mwaka 1983 ikapitishwa sheria iliyofanya kuchezea bidhaa za watu kuwa kosa la jinai la taifa zima. Viwanda vya nchi nyingine vilifuata mtindo huo. Kwa hiyo kile kipande cha plastiki tunachokichana na kukitupa bila kukitazama kina historia ya machozi.

KUZUIA AU KUONYESHA?

Je, baada ya hapo hatari iliisha? Hapana. Mwezi Februari 1986, karibu na New York, mwanamke mmoja alikufa kwa sianidi baada ya kumeza kapsuli za dawa ileile, kutoka katika chupa yenye vizuizi vile vitatu. Kampuni iliacha kabisa kuuza kapsuli za aina hiyo bila cheti cha daktari, ikabaki na vidonge vigumu ambavyo ni vigumu kuvitia kitu. Mwaka 1989 wakuu wa dawa wa Marekani waliongeza masharti kwa kapsuli, na mwaka 1998 wakabadilisha hata jina la kanuni yenyewe. Tangu hapo kifungashio hakiitwi tena "kinachozuia" kuchezewa, bali "kinachoonyesha" kwamba kimechezewa.

Mabadiliko hayo ya neno moja yana mafundisho makubwa. Lakiri haina nguvu ya kumzuia mtu mbaya. Mkasi mdogo unaikata. Kazi yake ni kutoa ushahidi, nao ushahidi hauna faida kama hakuna anayeutazama. Macho yako, wewe mnunuzi, ndiyo yanayokamilisha kazi ya lakiri.

Na hapo ndipo mapambo yanapopata kazi yao ya haki. Kanuni ya Marekani inataka lakiri iwe na alama ya pekee: jina, nembo, mchoro au picha. Sababu yake ni rahisi. Lakiri tupu isiyo na maandishi inaweza kuchanwa na kuwekwa nyingine tupu kama hiyo, kwa kuwa plastiki ya kusinyaa hununuliwa na yeyote na joto la kawaida linatosha kuibana. Lakiri yenye jina la kiwanda na mchoro unaometameta ni kazi zaidi kuiiga. Tena kanuni inataka chupa yenyewe iwe na maneno ya kumwambia mnunuzi ni lakiri ya namna gani aitegemee, ili ikikosekana kabisa ajue kwamba imekosekana.

Lakini tuangalie neno hilo: "ni kazi zaidi". Hatukusema "haiwezekani".

WALIPOIGA HATA MNG'AO

Huko Asia ya Kusini-Mashariki, malaria ilikuwa ikitibiwa kwa dawa iitwayo artesuneti. Iliyojulikana zaidi ilitoka kiwanda cha Guilin, nchini China. Wezi walianza kutengeneza pakiti za kuiga. Watafiti walinunua sampuli 104 madukani katika nchi tano, yaani Kambodia, Laos, Myanmar, Thailand na Vietnam. Matokeo yalitangazwa mwaka 2001: asilimia 38 ya sampuli hizo hazikuwa na artesuneti hata kidogo.

Ili kuwalinda wagonjwa, pakiti halisi zilikuwa zimebandikwa hologramu, yaani kile kibandiko kinachong'aa na kubadilisha rangi ukikiinamisha. Wezi nao wakatengeneza hologramu zao. Uchunguzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2008 ulikusanya sampuli 391. Nusu yake, yaani 195, zilikuwa za bandia. Watafiti walikuta aina 16 mbalimbali za hologramu za uongo! Ndani ya vidonge hivyo artesuneti haikuwamo kabisa, au ilikuwa kidogo sana: haikuzidi miligramu 12 badala ya miligramu 50 hivi. Vingine vilikuwa na dawa zisizohusiana na malaria, na vingine kemikali za hatari.

Fikiri juu ya mzazi wa kule kijijini Laos. Ametembea hadi dukani, ameangalia pakiti, ameiona hologramu inang'aa, akaridhika. Amerudi na dawa ambayo haiwezi kumponya mtoto. Na ikiwa imetiwa dawa ya kushusha homa, mtoto atapoa kidogo, mzazi atashukuru, huku vijidudu vya malaria vikiendelea kuongezeka katika damu. Hata ile dawa kidogo iliyomo ina ubaya wake: haitoshi kuua vijidudu, bali inavizoesha dawa, na baadaye hata dawa halisi hupoteza nguvu.

Wahenga wetu walisema, si kila king'aacho ni dhahabu. Pakiti hizo zilikuwa mfano kamili wa maneno hayo.

NA HUKU KWETU?

Jamaa ya dawa hiyohiyo ndiyo inayotumika kwetu ndani ya dawa ya mseto ya malaria. Kwa hiyo habari za Asia si za mbali. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, dawa moja katika kila kumi ni hafifu au ya bandia. Dawa hafifu ni ile iliyotoka kiwanda cha kweli ila haikufikia kiwango au imeharibika. Dawa ya bandia imetengenezwa kwa kudanganya. Zote mbili zinaweza kuvaa lebo nzuri.

Jambo jingine ni maji na vinywaji. Wengi walizoea kutafuta sili ya plastiki juu ya kifuniko cha chupa ya maji. Nchini Tanzania kanuni za mwaka 2022 zilipiga marufuku sili hizo za plastiki kwenye vifuniko vya chupa, kwa ajili ya kulinda mazingira, maana vipande hivyo vidogo huzagaa kila mahali wala haviokoteki. Basi mtu asishangae kukosa sili hiyo kwenye maji. Ushahidi sasa uangaliwe kwenye kifuniko chenyewe: ile pete ya chini iliyoshikamana nacho kwa vijino vyembamba. Ukifungua mara ya kwanza vijino hukatika na utasikia mlio wake. Kifuniko kikizunguka kimya, au pete ikiwa imekwisha kuachana nacho, usinywe.

Ziko pia stempu za kodi, ambazo nazo hung'aa. Tanzania ilianza stempu za kielektroniki mwaka 2019. Stempu hiyo inahusu kodi ya serikali. Si cheti cha daktari wala cha maabara, na haikusudiwi kueleza usafi wa maji au nguvu ya dawa.

MAMBO YA KUANGALIA KABLA YA KULIPA

Tukiwa dukani tusione haya kuigeuza chupa na kuitazama. Muuzaji mwaminifu hatachukia.

1. Tazama lakiri kwanza. Je, ipo? Je, imebana pande zote? Iliyolegea, iliyokatwa, yenye gundi, iliyopinda au kuungua upande mmoja, au ambayo maandishi yake hayakutana vizuri, ni ya kutiliwa shaka.

2. Angalia kama kuna lebo mbili, moja juu ya nyingine. Vazi jipya linaweza kuwa limefunika tarehe iliyokwisha pita.

3. Soma tarehe ya mwisho ya matumizi na namba ya toleo. Chupa ikiwa ndani ya boksi, fungua boksi dukani ulinganishe. Namba na tarehe za boksi na za chupa lazima zifanane. Zikitofautiana, rudisha.

4. Soma jina la dawa, nguvu yake na jina la kiwanda. Makosa ya tahajia ni dalili mbaya. Wanaoiga hung'arisha picha wakasahau herufi.

5. Ukifika nyumbani ukaondoa kifuniko, angalia kama kuna utando wa foili mdomoni. Chupa ikiwa na maelezo kwamba utando upo, nawe ukaukuta umetobolewa au haupo, usitumie dawa hiyo.

6. Angalia dawa yenyewe. Rangi, harufu au ladha iliyo tofauti na ile uliyoizoea, vidonge vinavyosagika ovyo, au maji yenye mashapo yasiyochanganyika baada ya kutikiswa, ni sababu ya kuuliza kabla ya kumeza.

7. Nunua mahali panapojulikana na penye kibali. Dawa ya mnadani, ya kwenye basi au ya kapu la kutembeza haina anayewajibika kesho.

Tunasisitiza jambo moja ili tusije tukawaonea watu. Katika zahanati na hospitali, dawa mara nyingi huhesabiwa kutoka katika kopo kubwa na kutiwa kwenye bahasha ndogo. Hiyo haina lakiri, na si kosa. Hapo uaminifu wako uko kwa zahanati yenyewe. Omba uandikiwe jina la dawa na namna ya kuitumia, na uliza tarehe yake ya mwisho.

Ukiona dawa ya kutilia shaka, usiitupe upesi. Iweke mbali na watoto pamoja na kifungashio chake, kisha peleka habari kwa mganga wa zahanati au mfamasia. Tanzania kuna Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na Kenya kuna Bodi ya Dawa na Sumu, zenye kazi ya kufuatilia mambo hayo. Chupa moja iliyoripotiwa inaweza kuokoa kijiji kizima. Na mgonjwa aliyekwisha kutumia dawa asipopata nafuu, arudi haraka kuonwa tena. Asisubiri amalize chupa ya pili.

CHUPA IKIISHA, KAZI HAIJAISHA

Watu wengi huangalia chupa wanapoinunua, lakini hawafikirii inakokwenda ikiwa tupu. Chupa nzima yenye lebo yake safi ni mali kwa mwenye nia mbaya. Hahitaji kutengeneza lebo wala hologramu; vyote viko tayari na ni vya kweli. Anahitaji kujaza tu na kuvika sili mpya.

Kwa hiyo, chupa ya dawa ikiisha, lichane vazi lake la plastiki kwa mkasi, uharibu na boksi. Kwa kitendo hicho unafanya mema mawili. Umemnyima mdanganyifu nguo ya kuvaa, na umewasaidia wanaookota chupa za plastiki kwa ajili ya kuyeyushwa upya. Maana plastiki ya lebo mara nyingi si ya aina moja na ya chupa, na ikichanganyika nayo huharibu plastiki inayopatikana.

Mabaki yake usiyatumie kuwashia jiko. Tunajua kwamba katika nyumba nyingi kipande cha plastiki ndicho kiberiti cha mkaa. Hapo ndipo PVC tuliyoitaja inapoleta madhara. Ikiungua hutoa gesi ya tindikali inayochoma macho, koo na mapafu, na inaweza kutoa sumu ziitwazo dioksini, ambazo hukaa mwilini kwa miaka mingi. Kwa macho huwezi kujua ni lebo ipi ya PVC na ipi siyo. Njia salama ni kutochoma yoyote, hasa penye mama mjamzito au mtoto mchanga. Vile vipande vyembamba vya sili navyo visiachwe sakafuni, kwa kuwa mtoto anayetambaa hutia kila kitu mdomoni na anaweza kupaliwa.

Jambo la mwisho ndilo linalotokea mara nyingi zaidi katika nyumba zetu. Usiweke kamwe mafuta ya taa, dawa ya kunyunyizia mimea au dawa ya kufulia katika chupa ya soda, ya juisi au ya dawa. Mtoto hajui kusoma, lakini picha anaijua. Akiona machungwa yanayometameta kwenye lebo, kwake yeye hiyo ni juisi. Lebo ile iliyotengenezwa ili kuvutia macho itamvuta kwenye sumu. Ikitokea amekunywa mafuta ya taa, usimlazimishe kutapika, kwa maana mafuta yanaweza kuingia mapafuni yakamdhuru zaidi. Mkimbize hospitali, na uichukue chupa yenyewe uende nayo ili mganga ajue alichokunywa.

KWA KIFUPI

Lebo ya kusinyaa ni kazi nzuri ya mikono ya mafundi, na mapambo yake hayana kosa. Ikiwa imefunika na kifuniko, nayo ni nzima na ya kiwanda chenyewe, ni ushahidi kwamba yaelekea chupa hiyo haijafunguliwa tangu ilipovikwa. Hilo ni jambo kubwa, na watu wa Chicago walilipia kwa uhai. Lakini haituambii kama dawa ina nguvu, kama ilihifadhiwa penye kivuli, wala kama aliyeivika alikuwa mtu wa haki.

Basi wafundisheni na watoto wakubwa wanaotumwa dukani mambo haya machache: kutazama lakiri, kusoma tarehe, kulinganisha namba, na kurudisha kilichotiliwa shaka. Kisha kila chupa ikiisha, mkasi ufanye kazi yake. Tahadhari kabla ya hatari.